Saa za Kwanza Baada ya Mti Kuangukia Paa

Hotuba ya fundi wa kupaua kwa viongozi wa mitaa, mafundi na wakazi wa jiji la Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wenyeviti na watendaji wa mitaa, wazee wetu, mama zangu, vijana na mafundi wenzangu, mwangaluka. Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii kabla mvua za vuli hazijaanza, kwa sababu mazungumzo ya namna hii yakifanyika baada ya dhoruba huishia kwenye kupeana pole, na mwenye nyumba hubaki na paa lake wazi.

Nitangulize jambo ninaloomba mlishike, kisha nilieleze. Kuziba paa lililobomolewa na mti ni kazi moja, na kulipaua upya ni kazi nyingine. Kazi ya kwanza ni ya saa chache, inafanywa kwa turubai, kamba na vipande vya mbao. Ya pili ni ya siku kadhaa, inahitaji fedha, mbao kavu na ukaguzi. Hasara kubwa tunayoishuhudia mitaani inatokana na kuzichanganya kazi hizi mbili. Yupo anayelazimisha kupaua siku ileile, akarudisha bati lililochanika juu ya papi iliyooza, yaani ule ubao mwembamba unaopigiliwa bati, na dhoruba inayofuata ikaondoka nalo. Yupo pia anayengoja apate fedha za kupaua ndipo aguse paa, na katika wiki hizo za kungoja mvua inamla dari, magodoro, madaftari ya watoto, na mwishowe ukuta wenyewe. Wote wawili wangeokolewa na turubai lililofungwa vizuri.

Sisi tunaoishi ukingoni mwa Ziwa Victoria tunapaswa kuelewa kwa nini jambo hili linatupata mara kwa mara. Ziwa letu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na eneo la maji la kiasi hicho hujitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi ilhali maji hubaki na joto, hivyo hewa husogea kutoka kandokando kuelekea ziwani, hukutana huko, hupanda na kujenga mawingu makubwa ya radi, ambayo mara nyingi huachia mvua usiku wa manane au alfajiri. Mchana mwenendo hugeuka, na mawingu hukua upande wa nchi kavu. Wavuvi wa Kirumba na wa visiwa vya Ukerewe wanalijua hilo kuliko mimi. Kwa mwenye nyumba, la kuzingatia ni kwamba upepo hutangulia mvua: hewa baridi iliyomo ndani ya wingu huporomoka pamoja na matone, na ikifika chini hutawanyika kwa kasi kila upande, dakika chache kabla mvua yenyewe haijakolea. Kwa hiyo mti huanguka kwanza, paa hufunguka, ndipo maji huja kwa wingi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, na wapo wanaoidharau tahadhari hiyo kwa kuwa hata bajaji hukimbia kasi hiyo. Naomba tuelewane hapa. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 80 hufikia kilo 31, na wa kilomita 100 hukaribia kilo 48. Bati jepesi la mita tatu halifiki kilo 10, lakini lina eneo la zaidi ya mita mbili za mraba, hivyo upepo wa kilomita 100 unaweza kulinyanyua kwa nguvu ya karibu kilo 100, na pembeni mwa paa na jirani na kofia, yaani kilele cha paa, nguvu hiyo huwa kubwa zaidi. Kinachozuia bati lisiondoke ni misumari, na kinachoushika msumari ni ubao.

Mwanza tuna tatizo la ziada. Vilima vyetu, kama vile vya Igogo, Mabatini na Isamilo, ni mawe ya matale yenye udongo mwembamba katikati yake, na mizizi ya mwarobaini au ya mwembe hutambaa pembeni kwa kuwa haina pa kuzama. Udongo huo ukishiba maji, mti hauvunjiki shina. Hung'oka mzima pamoja na mizizi yake. Tukichimba msingi au mtaro tukakata mizizi ya upande mmoja, tumeshauamulia mti ule upande wa kuangukia. Tena nyumba zetu zimepandana kwenye miteremko, kiasi kwamba mti wa jirani wa juu ni hatari kwa jirani wa chini, na gari la kubeba vifaa halifiki kwa wote wawili.

Mti ukishaanguka, tuanze na watu. Watoeni wote nje, wahesabuni kwa majina, na asirudi mtu ndani kufuata runinga au kabati. Swichi kuu izimwe ikiwa mnaifikia bila kukanyaga maji wala kupita chini ya mti. Kama haifikiki, iacheni. Waya uliolala chini au uliobanwa na matawi uhesabiwe kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa sababu umeme unaweza kurudi wakati wowote, na jenereta la jirani lililounganishwa vibaya linaweza kuupeleka kwenye laini. Kaeni mbali nao, walau mita 10, wazuieni watoto, na TANESCO waitwe kabla chenso, yaani msumeno wa mashine, haijawashwa. Walio na sola wakumbuke kwamba paneli huendelea kuzalisha umeme maadamu kuna mwanga. Mtu akiwa amebanwa, pigeni 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Baada ya watu, angalieni kuta. Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliua zaidi ya watu 40 usiku mmoja, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo. Tofali la udongo ambalo halikuchomwa hupoteza nguvu yake likilowa, na sehemu yake ya kwanza kulowa paa likifunguka ni kichwa cha ukuta. Kama ukuta umeinama, umetokeza tumbo au una ufa mpya unaopitisha kidole, usiku huo familia ilale kwa jirani. Kwa nyumba za namna hiyo, turubai linaokoa ukuta kwanza na vitu vya ndani baadaye.

Sasa nizungumze na vijana wa chenso, ambao nawaheshimu sana kwa kuwa ndio huitwa wa kwanza na ndio huumia zaidi. Mti uliolala juu ya paa haujatulia. Matawi yaliyopinda yamejaa nguvu, na ukikata tawi upande usiofaa linaruka na kukupiga kifuani. Kabla hamjakata chochote, ingieni mkague kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na kama ziko salama kiasi cha mtu kusimama chini yake, zitegemezeni kwa mirunda, yaani nguzo za miti, kila mrunda ukiwa na kipande cha ubao chini na kingine juu ili usitoboe sakafu wala kupasua kenchi. Kama hazipo salama, asiingie mtu. Mti upunguzwe kutoka nje. Anzeni na matawi madogo ya kileleni, mkipunguza uzito kidogo kidogo pande zote mbili, na shina likatwe vipande vifupi vinavyoshushwa kwa kamba. Asiwepo mtu chini ya paa wakati wa kukata, na mmoja tu ndiye awe anatoa amri. Jambo linalosahaulika ni shimo la mizizi: shina likikatwa karibu na mizizi iliyong'oka, mizizi ile hupoteza uzito uliokuwa ukiivuta na inaweza kurudi shimoni ghafla. Watoto hupenda kucheza ndani ya mashimo hayo, na kwa ajili hiyo nasisitiza kwamba mtu mzima mmoja asimame pale hadi kazi iishe.

Ndani ya nyumba, dari lililotuna limebeba maji. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo tundu la mita nne za mraba, mvua ikinyesha milimita 50, limeingiza lita 200, yaani pipa zima. Sogezeni vitu, simameni pembeni, mtoboe kwa mti mrefu sehemu iliyoning'inia zaidi na kinga ndoo chini yake. Dari la jipsamu lililolowa namna hiyo msilihurumie, litaanguka tu, na ni heri lianguke mkiwa mmejiandaa.

Nafika kwenye turubai lenyewe, na hapa naomba nichukue muda. Mtu hapandi paani wakati mvua inanyesha, radi inapiga au upepo haujatulia. Bati lililolowa linateleza kuliko tope, na kuanguka kutoka kwenye paa la nyumba ya kawaida kunatosha kumvunja mtu uti wa mgongo. Ngazi isimame juu ya sehemu ngumu, ishikwe na mtu, na itokeze juu ya ukingo wa paa. Anayetembea juu afuate mistari ya misumari, kwa kuwa hapo ndipo papi ilipo, na asisogee kwenye eneo ambalo kenchi yake imevunjika.

Kosa ninaloliona karibu kila mtaa ni kutandaza turubai juu ya tundu na kulikandamiza kwa mawe, matairi au tofali. Maji yanayotiririka kutoka kwenye kofia huingia chini ya ukingo wa juu wa turubai na kumwagika ndani kama kwamba hakuna kilichofanyika, na upepo ukija, mawe yale yanaporomoka kwa jirani wa chini. Turubai la dharura lazima livuke kofia na kuteremka upande wa pili walau mita moja, ili maji ya juu yasipate mlango. Pembeni lizidi tundu kwa mita moja kila upande, na chini lishuke hadi kupita ukingo wa paa. Kila ukingo uviringishwe kwenye kipande cha papi mara mbili au tatu, kisha papi hiyo ndiyo ipigiliwe misumari au skrubu ikiwa imelala chini ya mviringo wake. Msumari ukipigwa kwenye turubai peke yake hulichana usiku wa kwanza. Upande wa ukingo wa chini, papi hiyo ifungwe kwa kamba au waya kwenye ncha za kenchi, na turubai livutwe likaze hadi lisiwe na bonde la kutuamisha maji. Likiwa moja halitoshi, la juu lilale juu ya la chini kama mabati yanavyolaliana, na pale yanapopishana kwa pembeni, mdomo wa pindo uelekee kule upepo unakokwenda. Misumari iwe michache kwenye bati lisiloharibika, maana kila tundu mnalotoboa leo mtalilipia wakati wa kupaua.

Kazi hiyo, ikiwa vifaa vipo na watu wanne wanajua wanachofanya, inamalizika kabla ya mchana. Lakini jua letu hulila turubai la kawaida, likaanza kupasuka kwenye mikunjo, kwa hiyo likaguliwe kila baada ya mvua kubwa na lisigeuzwe kuwa paa la mwaka mzima.

Familia ikiwa imepata pa kukauka, ndipo tunapata muda wa kulisoma paa lililobomoka, na hapa nawaomba mafundi wenzangu msiwe wepesi wa kuokota bati na kulinyoosha kwa nyundo. Nimekuja na vipande viwili ambavyo nitavipitisha mikononi mwenu. Hiki cha kwanza ni ukingo wa bati: tazameni tundu la msumari lilivyovutwa likawa refu kama jicho, na pembeni yake bati limechanika hadi ukingoni. Msumari ulishika, ubao ulishika, bati ndilo lililoshindwa, kwa kuwa ni jembamba. Namba ya geji, yaani kipimo cha unene wa bati, inavyopanda ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba, na mtu anayeuziwa geji 32 akidhani ni bora kuliko 28 kwa kuwa namba ni kubwa amedanganyika. Hiki cha pili ni papi yenye tundu safi, msumari umechomoka mzima, na mkibonyeza ubao kwa kidole cha gumba unaingia. Hapo hata bati la geji nene lingeondoka, kwa sababu ubao ulioza kutokana na uvujaji wa siku nyingi.

Kuna hali nyingine mbili ambazo sikuweza kuzibeba. Mabati yakikutwa bondeni yakiwa bado yamegandamana na papi zake, tatizo liko kati ya papi na kenchi, ambapo fundi alipigilia msumari mmoja wa wima na kuondoka. Na kama paa zima limenyanyuka na kenchi zake, basi kenchi hazikufungwa ukutani. Ubao wa juu ya ukuta uliwekwa tu juu ya tofali ukategemea uzito wake. Hilo la mwisho ndilo linalonisikitisha zaidi, maana dawa yake ni rahisi: nondo nyembamba au waya mnene uachwe ukitokeza kwenye lenta, yaani mkanda wa zege ulio juu ya milango na madirisha, wakati wa kumwaga zege, au upitishwe chini ya kozi kadhaa za tofali, kisha uzungushwe juu ya kenchi na kukazwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya bati moja, na nyumba nyingi zimejengwa bila kuwekwa.

Mti nao una maswali yake. Hata pale ulipotoboa bati mbili tu, mshtuko wake hupita kwenye kenchi hadi upande wa pili. Kagueni maungio yote, pimeni kama kofia bado imenyooka, angalieni kama ubao wa ukutani umesogea. Kenchi iliyopasuka kwa urefu isifungwe waya ikaitwa nzima. Iongezewe ubao mpya pembeni, upite ufa pande zote mbili na ukazwe kwa bolti, au itolewe.

Kuhusu kupaua kwenyewe nitasema machache, kwa kuwa mafundi mnalijua. Mbao ziwe kavu na zimetiwa dawa, misumari ya bati ipigwe juu ya mgongo na si kwenye bonde, iwe na mpira wake, na pembeni mwa paa iongezwe kuliko katikati. Ya kusokota inashika zaidi kuliko laini. Matundu ya zamani yasitumiwe tena. Mwenye nyumba aandikiane na fundi mbele ya ofisi ya mtaa, alipe kwa hatua, na kabla ya lolote apige picha za uharibifu, hasa kama nyumba ina bima au mkopo wa benki. Majengo ya zamani, yakiwemo baadhi ya madarasa na nyumba za watumishi, yana vigae vya asbesto. Hivyo visikatwe kwa msumeno, visivunjwe vikiwa vikavu wala watoto wasiviokote, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi.

Ndugu Mwenyekiti, yote niliyoyasema kuhusu turubai hayana maana saa kumi na moja alfajiri kama turubai halipo. Duka la vifaa halijafunguliwa, na likifunguliwa kila mtu anataka kitu kilekile. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba kila mtaa uwe na vifaa vyake: maturubai mawili makubwa mazito, kamba, papi kumi na mbili, kilo kadhaa za misumari, mirunda sita, ngazi ndefu, nyundo, msumeno wa mkono na tochi. Kwenye vilima kama Igogo, ambako kila kitu hubebwa begani, vifaa hivyo vihifadhiwe juu, kwa sababu kuvishusha ni rahisi kuliko kuvipandisha usiku wa mvua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi za chini, kwa hiyo hatuanzishi kitu kigeni. Tunaipa kamati iliyopo kazi inayoshikika mkononi. Kamati hiyohiyo ipite pia kuangalia miti: iliyoinama kuelekea nyumba, yenye udongo uliopasuka upande mmoja wa shina, yenye uyoga kwenye mizizi au matawi makavu juu ya paa. Mingi haihitaji kukatwa. Kupunguzwa matawi kwa utaratibu wa halmashauri kunatosha, na vivuli vyetu tunavihitaji.

Kwa wajane, wazee wanaoishi peke yao na kaya zenye wagonjwa, naomba majina yao yawe ya kwanza kwenye orodha ya kufungiwa turubai, bila kungoja waombe. Mara nyingi hao huwa kimya hadi mchana, na kufikia mchana kila kitu kimeshalowa.

Yamebaki mambo mawili ya kuamuliwa na kikao cha kila mtaa kabla ya Oktoba: ufunguo wa vifaa utakaa kwa nani, na ni fundi yupi na kijana yupi wa chenso watakaopigiwa simu usiku. Majina na namba zao yaandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kwenye mlango wa mtunza ufunguo, kwa sababu ofisi inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Mafundi na vijana wanaoweza kubaki, turubai, papi na ngazi viko nje kwenye banda la nyuma. Tutalifunga pamoja, kila mmoja apande mara moja, na wenyeviti naomba mje mtazame ili mjue kazi iliyofanywa vizuri inavyoonekana kutoka chini. Asanteni.